Muulize Daktari wa Meno: Waya, gundi na meno yetu ya Maji ya Chai

Barua za safari hii karibu zote zimekuja na neno moja: waya, ule wa kunyoosha meno. Nadhani ni kwa sababu shule zimefungwa na wazazi wamepata nafasi ya kuwachungulia watoto mdomoni. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu inanigusa mwenyewe. Mwenye haraka aruke.

Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka 13. Meno yake ya mbele yamepandana, na pia yana rangi ya kahawia kama ya watoto wengi wa huku kwetu Usa River. Kliniki ya kwanza walituambia meno ya floraidi hayashiki waya, nisipoteze hela. Ya pili wakasema yanashika, ila watayapaka tindikali kwanza. Daktari, tindikali si ndiyo ile ya betri ya gari? Baba yake aliposikia hivyo amekataa kabisa. Binti analia kila siku. Nifanyeje? (Mama wa binti, Usa River)

Marahaba mama. Tuanze na baba, maana yeye ndiye mwenye kauli ya mwisho hapo nyumbani, au anadhani ni yeye.

Tindikali ya betri ni ya salfa. Hii ya kwetu ni ya fosforasi. Ni jeli, mara nyingi ya bluu, yenye nguvu ya asilimia 37 hivi. Inakaa juu ya jino kwa sekunde 15 mpaka 30, kisha inaoshwa kwa maji mengi. Mwambie baba asimame kidogo kwa fundi pancha yeyote hapo barabarani amwangalie. Fundi akishalipata tundu hapaki solusheni papo hapo. Anaukwangua mpira kwanza mpaka uparare, ndipo apake, ndipo abandike kiraka. Asipokwangua, kiraka kinabanduka hata Tengeru hujafika. Jino nalo ni laini kama kigae, gundi haina pa kung'ang'ania. Tindikali inalikwangua, ila kwa vishimo vidogo ambavyo jicho halivioni. Gundi inapenya humo na kuganda.

Wazo lenyewe lilitoka kwa wapaka rangi. Daktari wa meno wa Marekani, Michael Buonocore, alijua kwamba viwandani chuma hupakwa tindikali ya fosforasi ili rangi ishike vizuri. Akaijaribu kwenye meno, na mwaka 1955 akaandika alichokiona. Kabla ya gundi, aliyetaka kunyoosha meno alivishwa pete ya chuma kuzunguka jino zima, moja baada ya jingine. Mtu akitabasamu unaona geti.

Tindikali inakula jino kiasi gani? Karibu sehemu moja ya mia ya milimita. Unywele wako mmoja ni mnene kuliko hapo. Enameli, yaani lile gamba gumu la nje, kwenye meno ya mbele haiachani sana na milimita moja. Pale palipokwanguliwa pakabaki bila gundi, mate yenyewe yanarudisha madini taratibu. Na umkumbushe baba kwamba ile soda nyeusi anayowanunulia watoto Jumapili baada ya ibada ina tindikali hiyohiyo ya fosforasi, tena haioshwi baada ya sekunde 30.

Sasa rangi ya kahawia. Hapa kliniki zote mbili zimekupa nusu ya ukweli. Mimi nimezaliwa Maji ya Chai, hapo jirani na Usa River. Nikicheka huna haja ya kuuliza kwetu ni wapi. Maji ya miteremko ya Meru yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi, madini yasiyo na rangi wala ladha. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na yapo maji ya huku kwetu yanayopita hapo kwa mbali. Mtoto akiyanywa wakati jino bado linajengwa ndani ya taya, enameli inaumbika vibaya. Ngozi ya juu kabisa inakuwa sugu, na chini yake kuna vitundu kama mkate uliolala. Ile ngozi sugu haiisikii tindikali kirahisi. Ukiipa sekunde zilezile unazompa mtoto asiye na shida hiyo, braketi (vile vichuma vidogo vinavyoshika waya) zitadondoka moja moja mpaka mkate tamaa.

Kwa hiyo dawa si kukataa kazi. Daktari anayeyajua meno yetu anaongeza muda wa tindikali, au anaupuliza kwanza uso wa jino kwa unga laini wa alumina ili aipunguze ile ngozi. Magego yaliyoharibika sana anaweza kuyavisha pete kama zamani. Muulize swali moja tu kabla hujalipa kianzio: kwa meno ya floraidi unafanya nini tofauti? Akikujibu "ni sawa tu na mengine", msalimie kwa adabu uondoke. Halafu uliza braketi ikidondoka kuirudishia ni bei gani, kwa sababu hata kwa mkono mzuri baadhi zitadondoka. Bora mlijue hilo mapema kuliko kugombana mapokezi.

Siku ya kubandika, binti aombe kioo aone. Jino likishaoshwa na kukaushwa kwa hewa linapoteza mng'ao. Linakuwa jeupe la chaki, kama kile kioo cha dirisha la bafu kisichoonyesha ndani. Kwenye meno yetu weupe huo hauji wote kwa pamoja. Unakuja kwa mabaka, na mahali fulani panabaki pakimeremeta. Mimi nikipaona hapo narudia. Kuanzia dakika hiyo jino halitakiwi kuguswa na mate hata tone. Binti akilipitisha ulimi tunaanza upya, na mimi huwa nanuna kidogo. Kisha gundi inawekwa mgongoni mwa braketi, braketi inakandamizwa, na gundi iliyofurika pembeni inatolewa yote kwa kichokoo kabla ya kumulika taa ya bluu ya kuigandisha. Hilo la gundi ya pembeni lisimamie kabisa. Ikiachwa igande inakuwa kibaraza cha uchafu kwa miaka miwili.

Mambo mengine mawili, haraka. La kwanza, asiyang'arishe meno kwa dawa kabla ya kufunga waya. Dawa hizo zinaidhoofisha gundi, na zikishatumika inabidi kusubiri wiki mbili au zaidi. Waya unapanga meno, haubadilishi rangi. Rangi tutaishughulikia mwishoni. La pili, nasikia hapa Arusha watu wanaikwepa dawa ya meno yenye floraidi kwa sababu "imetuharibu". Kilichotuharibu ni maji ya kunywa tulipokuwa wadogo. Binti wa miaka 13 meno yake ya mbele yameshaumbika, mswaki hauwezi kuyafanya ya kahawia zaidi. Kumnyima dawa hiyo akiwa na waya ni kumvulisha koti kwenye baridi ya Julai.

Kama ana mdogo wake wa chini ya miaka minane, huyo ndiye wa kuhangaikia maji. Mpe maji ya mvua, au yaliyopitishwa kwenye mkaa wa mifupa kama unaoandaliwa kituo cha Ngurdoto. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki. Na magadi kwenye maharage ya mtoto mdogo yapunguze, maana nayo yanaibeba.

Mambo daktari. Naongoza wageni Mlima Kilimanjaro, naishi Majengo, Moshi. Nina waya mwezi wa nane sasa. Juzi nimeona alama nyeupe kuzunguka vichuma vya juu. Je, gundi inakula meno, au ni floraidi imenipata ukubwani? Nikiwa kazini ni siku saba njia ya Machame, chai ya sukari kwenye chupa toka asubuhi, peremende mfukoni, na mswaki nikikumbuka. (Mwongoza wageni, Moshi)

Poa kaka. Nimekupenda kwa hilo "nikikumbuka". Wengi wananiambia mara tatu kwa siku huku ukoga unaning'inia kwenye waya.

Si gundi. Pale chini kabisa ya braketi ndipo jino lako lilipo salama kuliko pengine popote, maadamu gundi imeziba vizuri. Wala si floraidi, maana haimpati mtu ambaye meno yameshamaliza kuumbika. Kama unataka kuhakikisha, lifute jino kwa kitambaa safi likauke, ulitazame kwenye kioo mchana. Madoa ya floraidi yanalivuka jino kwa mistari au mabaka, ya kushoto na ya kulia yanafanana kama pacha, na mama yako atakwambia unayo toka utotoni. Yako nakisia yamekaa kama mwezi mwandamo kati ya braketi na ufizi, meupe yasiyong'aa. Hapo ndipo ukoga unapojificha.

Bakteria wa kwenye ukoga wanakula sukari na kutoa asidi. Kipimo cha pH kikishuka hadi karibu 5.5, enameli inaanza kuachia madini. Mate yanakuja kuokoa jahazi, lakini yanahitaji muda, tuseme nusu saa. Ukinywa vikombe viwili vya chai ya sukari na mkate asubuhi halafu basi, jino linaumia na kupona. Ukinywa funda moja kila unaposimama kuwasubiri wageni, toka kambi ya Shira mpaka jioni, jino halipati hata dakika ya kupumua. Ongeza na kwamba ukiupanda ukuta wa Barranco unahema kwa mdomo, mdomo unakauka, mate yenyewe ya kuokoa hayapo. Alama hizi zinaweza kuanza kujitokeza ndani ya wiki nne tangu waya ufungwe. Wewe umefika mwezi wa nane, umejitahidi.

Sitakwambia uache chai mlimani, na mimi nimewahi kulala kambi ya Barafu. Iweke sukari kwenye chai ya asubuhi na ya jioni, pamoja na chakula. Chupa ya njiani iwe na maji au chai kavu. Peremende waachie wageni. Usiku, kabla hujaingia kwenye begi la kulalia, piga mswaki hata kama maji ni funda moja. Dawa iwe ya floraidi ya 1,450, namba imeandikwa kwa maandishi madogo nyuma ya boksi. Ulaze mswaki usugue juu ya braketi, kisha chini yake, kisha kibrashi chembamba kile kinachopita nyuma ya waya. Tema povu, usisukutue. Najua inakera, unalala na ladha ya mnanaa, lakini ile inayobaki juu ya jino ndiyo inayofanya kazi usiku kucha, na huko juu inakuokolea maji pia.

Ukishuka nenda kwa daktari wako akupake vanishi ya floraidi, ile inayonata kama utomvu wa fenesi. Alama changa zinaweza kufifia, si lazima zote. Zikishakwaruzika au kuwa tundu, hapo ni kuziba. Na ukipanda tena mara tatu kwa mtindo uleule, mwambie daktari akutoe waya mapema. Afadhali jino lililopinda kidogo kuliko lililonyooka lenye matundu.

Braketi ya kijana wangu imebanduka akila mahindi ya kuchoma. Nina supagluu nyumbani. Tone moja tu, naweza? (Baba, Kijenge)

Hapana, baba. Hata nusu tone. Gundi hiyo haikutengenezewa mdomo, utaibandika pasipo mahali pake jino lianze kusukumwa upande usiotakiwa, na mimi nitakuja kuikwangua pamoja na enameli ya mtoto. Kama braketi bado inazunguka kwenye waya, iache hapohapo. Kama imetoka kabisa, ifunge kwenye karatasi safi uje nayo kliniki wiki hii, si mwisho wa mwezi. Ncha ya waya ikimchoma shavu, abandike ile nta aliyopewa. Na mahindi apukuchue kwa mkono, ale punje. Najua utamu wake ni kung'ata gunzi.

Daktari, nimefunga waya miaka miwili na mwezi ujao natolewa. Rafiki yangu alipotolewa kwingine jino lilimeguka kidogo. Mimi pia nina meno ya kahawia. Naogopa kuliko siku ya kufunga. (Mwanachuo, Sakina)

Una haki ya kuogopa, mdogo wangu. Kutoa ndiko kunakoharibu enameli kuliko kubandika, ila watu wote wanaitazama siku ya kwanza. Nikupe kisa changu, maana sitaki uisikie kwa mtu mwingine ukadhani sisi madaktari hatukosei.

Nilikuwa na miaka miwili kazini, kwenye kliniki nisiyoitaja. Alikuja dada mmoja mwenye braketi za kauri, zile za rangi ya jino, anataka zitoke kwa sababu harusi yake ni Jumamosi. Ilikuwa Alhamisi saa kumi na moja jioni. Koleo ya kutolea sikuiona, nikachukua ya kukunjia waya. Nilianza vizuri, nikafika kwenye jino la pili kutoka katikati, kushoto. Badala ya kubana nikazungusha. Ikalia "tak". Braketi imetoka, na mgongoni mwake kuna kipande cheupe cha ukubwa wa punje ya ulezi. Jino lilikuwa la kahawia kama lako, lina ule uvungu chini ya ngozi ngumu, likakubali kubanduka pamoja na gundi. Nilimwonyesha kwenye kioo, nikaziba siku ileile, pesa sikuchukua. Picha za harusi hazionyeshi kitu. Bado anakuja kwangu kusafishwa meno, na kila akifungua mdomo macho yangu yanakwenda kwenye jino lile kwanza.

Nilichojifunza ni hiki. Braketi ya chuma ukiibana mabawa yake inajikunja, na ikijikunja inajichambua yenyewe kutoka kwenye gundi. Ya kauri haijikunji, kwa hiyo nguvu yote inakwenda kwenye jino. Kwa hiyo uliza kwanza zako ni za aina gani, na kama ni za kauri mwambie akueleze atakavyozitoa kabla hajakugusa. Kwa zote, koleo yake maalumu, kubana taratibu, hakuna kupindisha. Tunachoombea ni gundi ibaki kwenye jino. Wagonjwa wanaona mabaki yale ya gundi wanafikiri kazi imeharibika, kumbe hiyo ndiyo dalili njema: palipoachana ni kati ya gundi na chuma, si kati ya gundi na wewe.

Kisha ndiyo kazi ya subira. Gundi inaondolewa kwa kichwa cha mashine cha tangisteni kabaidi, mwendo wa taratibu, kidogo kidogo, huku jino likikaushwa mara kwa mara kwa sababu gundi ikilowa inafanana kabisa na enameli. Kichwa cha almasi hapana, hicho kinachimba. Mimi kwa mdomo mzima natumia nusu saa na zaidi, na mgongo unaniuma. Akikumalizia kwa dakika tano, pitisha ulimi. Jino linatakiwa kuteleza kama lilivyokuwa, pasiwe na kigongo wala mfereji. Ukihisi kitu mwambie hapohapo kwenye kiti, usisubiri ufike nyumbani.

Kabla hajaanza, mwombe akupige picha za meno kwa karibu, hata kwa simu yako mwenyewe. Meno mengi yana nyufa nyembamba za zamani ambazo hamkuziona siku mnafunga, na picha inaepusha ubishi. Vijipande vya enameli ya kahawia vilivyokuwa vimelegea toka mwanzo vitaonekana pia.

Na miadi iombe ya asubuhi. Usiingie kwenye kile kiti saa kumi jioni huku unahesabu muda wa hiace.